Gari Lililotua Mirihi: Twashangilia Nini?

Siku ya Jumatatu, tarehe 6 Agosti 2012, yapata saa mbili na nusu ya asubuhi kwa saa zetu za Afrika ya Mashariki, ilitangazwa ya kuwa gari lisilo na dereva limetua salama juu ya sayari ya Mirihi. Huko California, katika nchi ya Marekani, ilikuwa bado Jumapili, saa nne na nusu ya usiku. Wahandisi waliokesha mbele ya kompyuta zao mjini Pasadena waliruka juu, wakakumbatiana, na wengine wao walitokwa na machozi. Mjini New York saa saba ya usiku ilikuwa imekwisha kupita, na hata hivyo watu wengi walikuwa wamesimama katika uwanja wa Times Square, wameinua nyuso zao kutazama kioo kikubwa cha picha. Habari njema ilipofika, walishangilia kama washangiliavyo watu uwanjani timu yao inapofunga bao.

Gari hilo liliitwa Curiosity, neno ambalo kwa lugha yetu maana yake ni Udadisi. Tarehe 18 Februari 2021 shangwe ya namna hiyo ilisikika tena, gari jingine liitwalo Perseverance lilipotua katika sayari ile ile. Hapana shaka shangwe za aina hii zitarudi tena, kwa maana mataifa mengi sasa yanashindana na kusaidiana katika safari za anga.

Habari za namna hii zikifika nyumbani mwetu, watoto huuliza. Na sisi wakubwa mara nyingi huwajibu kwa mojawapo ya njia mbili. Wengine husema, "Hayo ni mambo ya wenye fedha zao, hayatuhusu, nenda ukateke maji." Wengine hutazama picha pamoja na watoto, wakastaajabu, na kesho yake wamekwisha kusahau yote. Twaona ya kuwa njia zote mbili hazimfai mtoto. Katika somo hili twataka kutazama kwa utulivu ni kitu gani hasa kilichowafurahisha watu wale, kama furaha yao ilikuwa ya haki, na yatupasa kufanya nini na mshangao wa watoto wetu.

KWA NINI ROHO ZILIKUWA JUU

Tuanze na kazi yenyewe. Curiosity si kitu cha kuchezea. Uzito wake ni kilo 899, na ukubwa wake ni kama wa motokaa ndogo, lenye magurudumu sita na vyombo kumi vya uchunguzi. Lilirushwa kutoka Florida tarehe 26 Novemba 2011, likasafiri kwa muda wa miezi minane na zaidi, mwendo wa kilomita milioni 567 hivi.

Safari ilikuwa ndefu, lakini hatari kubwa ilikuwa katika dakika saba za mwisho. Hewa ya Mirihi ni nyembamba mno. Kanieneo yake haifiki sehemu moja katika mia ya hewa yetu ya duniani. Hewa hiyo yatosha kukiunguza chombo kiingiacho kwa kasi, lakini haitoshi kukisimamisha. Kwa hiyo mwavuli peke yake hauwezi kazi, na roketi peke yake zingehitaji mafuta mengi kupita kiasi. Magari mawili yaliyotangulia, Spirit na Opportunity, yalitua mwaka 2004 yamefungwa ndani ya mifuko ya hewa, yakadunda juu ya ardhi kama mpira hata yakatulia. Lakini kila moja lilikuwa na uzito wa kilo 185 tu. Gari la karibu tani moja lingeipasua mifuko hiyo.

Basi wahandisi walibuni njia ambayo hakuna aliyepata kuitumia. Kwanza, chombo kiliingia katika hewa ya Mirihi kwa mwendo wa kilomita kama 21,000 kwa saa, kikilindwa na ngao ya kuzuia joto, joto ambalo lilikadiriwa kufika nyuzi 2,100, kiasi cha kuyeyusha chuma. Pili, ulifunguka mwavuli wenye upana wa karibu mita 16. Mwavuli ulipunguza mwendo sana, lakini hata hivyo gari lilikuwa bado likianguka kwa kilomita karibu 300 kwa saa. Tatu, chombo kilijitoa katika mwavuli na kuwasha roketi zake nane. Nne, kilipokaribia ardhi, sehemu yenye roketi ilibaki ikielea juu na kuliteremsha gari kwa kamba, kama vile winchi ya bandarini iteremshavyo shehena kutoka melini. Magurudumu yalipogusa udongo, kamba zilikatwa, na ile sehemu yenye roketi ikaruka kando na kuanguka mbali ili isilidhuru gari. Mwendo wa gari wakati wa kugusa ardhi ulikuwa mdogo kuliko wa mtu atembeaye kwa miguu.

Yote hayo yalitendeka bila mkono wa mtu. Siku ile Mirihi ilikuwa mbali nasi kilomita zipatazo milioni 248, na ishara za redio zilihitaji karibu dakika 14 kufika huku. Kushuka kulichukua dakika saba tu. Maana yake ni kwamba wahandisi walipopata habari ya kuwa chombo chaanza kuingia katika hewa, kwa kweli kilikuwa kimekwisha kufika chini dakika saba nzima kabla yake, ama kizima ama kimevunjika vipande vipande. Hawakuwa na uwezo wa kusaidia lolote. Kazi yao ilikuwa imekwisha kufanywa miaka ya nyuma, mezani na karakanani, na usiku ule walikuwa wakingoja matokeo tu, kama mwanafunzi aliyekwisha kurudisha karatasi yake ya mtihani.

Hapa twapata jibu la kwanza. Watu wa Times Square walishangilia dakika moja. Waliokuwa Pasadena walishangilia kazi ya miaka mingi. Kelele zilifanana, lakini furaha hizo mbili hazikuwa na kina kimoja.

KOSA LA HESABU NDOGO

Ili kuelewa machozi ya wahandisi wale, yafaa kukumbuka mambo ya mwaka 1999. Mwaka ule chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kilitumwa kuizunguka Mirihi na kuchunguza hali ya hewa yake. Tarehe 23 Septemba kilipokaribia sayari, kilipita chini kuliko ilivyokusudiwa, na hakikusikika tena.

Tume iliundwa, ikachunguza, na taarifa yake ikatolewa hadharani. Sababu iliyoonekana ilikuwa ya kushangaza kwa udogo wake. Kikundi kimoja cha watu wa kazi kilipiga hesabu za nguvu za roketi kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, na kikundi kingine kilizipokea hesabu hizo kana kwamba ni za vipimo vya metriki. Namba zilikuwa sahihi. Vipimo ndivyo vilivyotofautiana. Kwa muda wa miezi mingi kosa hilo lilikisogeza chombo kidogo kidogo, hata kikapotea. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 3 Desemba, chombo kingine kiitwacho Mars Polar Lander nacho kilipotea wakati wa kutua.

Wazazi wenye watoto shuleni wasilipite jambo hili upesi. Mwalimu anapomnyima mtoto alama kwa sababu ameandika jibu bila kutaja kama ni mita au sentimita, mtoto hulalamika, na pengine mzazi humwunga mkono. Chombo kilichogharimu mamilioni ya dola kilipotea kwa ajili ya kasoro ya namna hiyo hiyo. Ukweli katika mambo madogo ndio unaobeba mambo makubwa.

Jambo la pili la kujifunza ni lile la tume. Wale watu hawakulifunika kosa lao. Walilitangaza, wakalichambua, wakabadilisha taratibu za kazi. Miaka 13 baadaye gari zito kuliko yote yaliyotangulia lilitua salama. Shangwe ya mwaka 2012 ilisimama juu ya aibu ya mwaka 1999 iliyokubaliwa kwa unyofu.

SHANGWE ZILIZOPOTOKA

Lakini si kila msisimko juu ya Mirihi umekuwa wa faida. Sayari hii imewachezea wanadamu kwa muda mrefu, au tuseme wanadamu wamejichezea wenyewe.

Mnamo mwaka 1858 Padre Angelo Secchi, Mjesuiti na mnajimu wa Roma, aliichora Mirihi kama alivyoiona katika darubini yake. Mwaka 1877 Mwitalia mwingine, Giovanni Schiaparelli wa Milano, alichora mistari mirefu juu ya sura ya sayari hiyo, akaiita kwa Kiitalia canali. Neno hilo laweza kuwa na maana ya mikondo au mifereji ya asili. Lakini lilipotiwa katika Kiingereza, likageuka kuwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono. Na kama mifereji imechimbwa, basi wako wachimbaji! Mmarekani tajiri, Percival Lowell, alijenga kituo cha darubini huko Arizona mwaka 1894, akaandika vitabu kueleza jinsi watu wa Mirihi walivyokuwa wakivuta maji kutoka ncha za sayari yao ili kumwagilia mashamba. Wasomaji wengi wakamwamini.

Tarehe 30 Oktoba 1938 redio moja ya Marekani ilitangaza mchezo wa kuigiza juu ya watu wa Mirihi kuivamia dunia, na baadhi ya wasikilizaji waliingiwa na hofu wakidhani ni habari ya kweli. Magazeti ya kesho yake yakaikuza hofu hiyo kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo uvumi ukazaa uvumi.

Mwisho wa mifereji ulikuja Julai 1965. Chombo kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi, kikaleta picha 22. Wale waliotazamia mifereji na mashamba waliona mashimo makavu kama ya mwezi. Mistari ile haikuwako. Ilikuwa ni macho yaliyochoka yakiunganisha madoa, na mioyo iliyotamani kuona ilichotamani.

Tusidhani ya kuwa sisi wa leo tumepona ugonjwa huo. Mnamo Novemba 2012, miezi mitatu tu baada ya Curiosity kutua, mwanasayansi mmoja mkuu wa safari hiyo alimwambia mwandishi wa redio kwamba vipimo walivyokuwa wakivipokea vingeingia katika vitabu vya historia. Maneno hayo yaliruka duniani kote, na watu wakaanza kusema ya kuwa uhai umeonekana Mirihi. Ilibidi shirika la safari za anga la Marekani, yaani NASA, litoe tamko la kutuliza watu kabla ya mkutano wa wanasayansi wa mwezi Desemba. Uhai haukuwa umeonekana.

Basi twajifunza ya kuwa msisimko ni kama moto wa jikoni. Ukiwa ndani ya mafiga hupika chakula; ukitoka nje ya mafiga huchoma nyumba. Mafiga yenyewe ni subira, vipimo, na moyo wa kukubali jibu tusilolipenda.

GARI LIMETUFUNDISHA NINI

Je, baada ya kelele kwisha, gari lilifanya kazi gani?

Lilitua ndani ya bonde la mviringo liitwalo Gale, lenye upana wa kilomita 154, ambalo katikati yake umesimama mlima wa kilomita kama 5 na nusu kutoka chini ya bonde. Tufikirie mlima ambao kimo chake hakipungui sana na kile cha Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari, tena umejengwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Wanasayansi walichagua mahali hapo makusudi ili wazisome kurasa hizo kuanzia chini.

Februari 2013 gari lilitoboa mwamba kwa keekee yake, tundu la kina cha sentimita 6 na kitu. Unga uliotoka haukuwa mwekundu kama ardhi ya Mirihi ionekanavyo, bali wa kijivu. Ulipopimwa ndani ya maabara ndogo iliyomo tumboni mwa gari, tarehe 12 Machi 2013 ilitangazwa ya kuwa mwamba ule ulikuwa zamani tope la ziwa au mto. Maji yake hayakuwa machungu wala ya chumvi kali. Ndani yake zilionekana salfa, naitrojeni, haidrojeni, oksijeni, fosforasi na kaboni, ambavyo ni vitu vinavyohitajiwa na viumbe hai. Mambo hayo yalikuwapo zaidi ya miaka milioni elfu tatu iliyopita. Mwaka 2018 ilitangazwa tena ya kuwa katika miamba ya tope la kale gari limekuta mchanganyiko wa kaboni wa aina ile tunayoiita ya viumbe hai, ingawa waweza pia kutokea pasipo kiumbe chochote.

Hapo ndipo inapopasa kushika neno sawasawa. Mtu akiingia katika nyumba iliyohamwa, akakuta mafiga, chungu na mtungi wa maji, aweza kusema kwamba humu chakula kingeweza kupikwa. Hawezi kusema kwamba amemkuta mpishi. Curiosity limekuta mafiga na mtungi. Mpishi halijamkuta, na waliolituma hawakusema kwamba limemkuta.

Na kazi hiyo imefanywa kwa mwendo gani? Kasi kubwa kabisa ya gari hili katika ardhi tambarare ni sentimita 4 hivi kwa sekunde, ambayo mtoto atambaaye aweza kuipita. Katika miaka kumi ya kwanza lilisafiri kilomita zipatazo 29 tu, na kupanda mita 625 mlimani. Wazee wetu walisema pole pole ndio mwendo. Katika mwaka 2013 magurudumu yake yalianza kutobolewa na mawe makali, na madereva wakiwa huku duniani walilazimika kuchagua njia laini zaidi. Desemba 2016 keekee iliharibika. Fundi hakuweza kupelekwa, kwa hiyo wahandisi walifikiri, wakajaribu kwa gari la mfano walilonalo, wakabuni namna nyingine ya kutoboa, na Mei 2018 gari likatoboa mwamba tena. Siku hiyo hakuna uwanja uliojaa watu. Lakini kwa maoni yetu ilistahili makofi sawa na siku ya kutua.

SWALI LA SISTA WA ZAMBIA

Sasa twafika kwenye swali ambalo wasomaji wetu wengi, hapana shaka, wamekuwa nalo tangu mwanzo. Curiosity liligharimu dola za Marekani milioni 2,500 hivi. Je, ni haki kutumia fedha nyingi namna hiyo kutazama mawe ya Mirihi, na hali watoto wanakufa kwa njaa na maradhi?

Swali hili si geni, na aliyeliuliza kwa nguvu alikuwa mmoja wetu. Mwaka 1970 Sista Mary Jucunda, mtawa aliyekuwa akifanya kazi Zambia, alimwandikia barua Dakta Ernst Stuhlinger, mwanasayansi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa na cheo kikubwa katika kituo cha NASA mjini Huntsville, Alabama. Stuhlinger alikuwa akipanga safari za kuwapeleka watu Mirihi. Sista alimwuliza awezaje kushauri mabilioni ya dola yatumike kwa kazi hiyo, wakati watoto wengi duniani hawana chakula.

Mwanasayansi yule hakuidharau barua ya mtawa. Alimjibu kwa barua ndefu ya tarehe 6 Mei 1970, akianza kwa kumheshimu yeye na wenzake waliotoa maisha yao kwa ajili ya wenye shida. Kisha alimsimulia habari ya mwungwana mmoja wa mji mdogo wa Ujerumani, karne nne zilizopita, aliyewapa maskini sehemu kubwa ya mali yake. Mwungwana huyo alimkuta mtu aliyekuwa akisugua vipande vya kioo na kutengeneza vidude vya kutazamia vitu vidogo, akamkaribisha nyumbani kwake aendelee na kazi hiyo. Watu wa mji walikasirika: tauni inatuua, naye anamlisha mtu wa kuchezea vioo! Yeye aliwajibu kuwa ataendelea kuwapa kadiri awezavyo, na mtu yule pia ataendelea kumsaidia. Kutokana na kazi ya namna hiyo ilipatikana hadubini, na kwa hadubini waganga waliweza kuvitambua vijidudu vya maradhi.

Habari hiyo ina uzito, lakini isitumiwe kumnyamazisha Sista. Hatuwezi kusema ya kuwa gari la Mirihi limemshibisha mtoto yeyote. Wala si kila kioo kinachosuguliwa huwa hadubini. Kwa upande mwingine, yafaa kujua kipimo cha mambo. Katika mwaka 2012 fedha zote za NASA, kwa kazi zake zote, zilikuwa karibu nusu ya sehemu moja katika mia ya matumizi ya serikali ya Marekani. Na hata fedha hizo zisingetumika hivyo, hakuna ahadi ya kwamba zingefika katika zahanati ya kijijini. Njaa ya mtoto haiondolewi kwa kuzima darubini. Huondolewa na watu walioamua kuiondoa. Anayetafuta matumizi ya kulaumiwa atayakuta mengi zaidi katika silaha na katika anasa kuliko katika uchunguzi wa nyota.

Tena elimu ya anga haikuwa jambo la wageni wa mbali tu. Mwaka ule ule wa barua ya Sista, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya ukumbusho wa uhuru wa Kenya, setilaiti ya uchunguzi wa nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Kenya, karibu na Malindi. Ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Na leo mkulima na mvuvi wanaposikia redioni habari za mvua na dhoruba, wanasikia matunda ya setilaiti zinazotazama mawingu kutoka juu.

Basi tusemeje? Tumtazame mama auzaye mboga sokoni. Chungu chake hakijajaa, na hata hivyo huweka kando shilingi chache kwa ajili ya daftari la mwanawe. Akiacha kununua unga ili anunue madaftari tu, tutamlaumu. Akinunua unga tu miaka yote, mwanawe naye atauza mboga kwa shida ile ile. Mama huyu hukata shauri hilo kila siku kwa kipimo na kwa upendo. Mataifa tajiri nayo yanapaswa kukata shauri hilo hilo, na swali la Sista Mary Jucunda laweza kuulizwa mbele yao kila mwaka wa fedha. Aliuliza haki yake. Na Stuhlinger alifanya vema kujibu.

UDADISI NYUMBANI

Turudi kwa mtoto wetu aliyeuliza. Jina la Curiosity halikutungwa na wakubwa. Mwaka 2009 NASA iliwaalika wanafunzi wa Marekani wapendekeze majina, na katika mapendekezo zaidi ya 9,000 lilichaguliwa la msichana wa miaka 12 wa jimbo la Kansas.

Katika lugha yetu neno udadisi lina nyuso mbili. Twalitumia kumsifu mtu apendaye kujua, na twalitumia kumkemea mtu aingiliaye yasiyomhusu. Kwa bahati mbaya mtoto mara nyingi hukutana na uso wa pili kwanza. Huuliza kwa nini mwezi watufuata, akaambiwa anyamaze. Huuliza mara ya pili, akaitwa mdadisi kwa sauti ya ukali. Mara ya tatu hataki kuuliza tena, na baadaye mzazi yule yule hulalamika kwamba mtoto hana akili shuleni. Kuuliza si ujinga, twasema, lakini je, twaishi hivyo?

Haimpasi mzazi kujua kila jibu. Yatosha aseme, "Mwanangu, sijui, tumwulize mwalimu wako," kisha amwulize kweli. Jambo jingine ni kumwonyesha mtoto vitu vyenyewe. Mirihi huonekana bila darubini, kama nyota yenye wekundu isiyometameta sana, na kila baada ya miezi kama 26 hung'aa kuliko kawaida. Na mtoto akitaka kujua kwa nini kutua ni kugumu, apewe nyanya mbivu, kipande cha khanga kuukuu na uzi, aambiwe aishushe nyanya kutoka juu ya mti bila kupasuka. Nyanya tatu au nne zikipasuka, ataelewa machozi ya Pasadena kuliko kwa hotuba yoyote.

Gari la mwaka 2021 nalo lilipewa jina na mwanafunzi, naye alichagua Perseverance, yaani Ustahimilivu. Twaona majina haya mawili yamefuatana kwa utaratibu mwema. Udadisi humwamsha mtoto kitandani. Ustahimilivu humweka mezani mpaka hesabu itoke, na humrudisha hapo kesho yake ikiwa imekosewa. Kwa hiyo chombo kingine kikitua na dunia ikashangilia, tushangilie pamoja nao kwa moyo mweupe. Kisha kioo kikizimwa, tumwulize mtoto ameelewa nini, na kesho tumsaidie kuelewa kilichobaki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini mwavuli peke yake haukuweza kulishusha gari zito juu ya Mirihi?

2. Chombo cha mwaka 1999 kilipotea kwa kosa gani? Tajeni kazi mnazozifanya nyumbani au shambani ambazo kosa dogo la kipimo laweza kuziharibu.

3. Kuna tofauti gani kati ya kusema mahali paliweza kuwa na uhai, na kusema uhai umeonekana? Ni uvumi gani mliousikia mwaka huu uliochanganya mambo mawili ya namna hiyo?

4. Mngekuwa ninyi Sista Mary Jucunda, baada ya kupokea jibu lile mngeandika barua ya pili yenye maneno gani?

5. Ni swali gani mtoto wa nyumba hii aliliuliza hivi karibuni, na hakuna aliyemjibu?